Punje Mbili za Buni Moja

Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajafika, nilikuwa na kazi tatu ndogo katika zahanati ya Serikali ya Wenyeji mjini Bukoba. Nilifagia baraza. Niliwasha jiko la mafuta ya taa nikachemsha sindano. Kisha nilimimina buni zilizochemshwa na kukaushwa katika kisahani, nikakiweka kwenye benchi karibu na mlango ili kila aingiaye apate ya kutafuna. Kazi mbili za kwanza nilifundishwa chuoni, Uganda, nilikosomea uuguzi. Ya tatu nilifundishwa na mama. Kwetu mgeni haondoki bila kupewa akamwani, buni ya kumkaribisha, na mimi sikuona kwa nini mgonjwa asiwe mgeni.

Jumanne moja ya mwaka 1952, maji yalikuwa bado hayajachemka niliposikia honi ya lori ikipigwa bila kukoma. Hamidi, dereva wa Serikali ya Wenyeji, aliingiza kichwa dirishani.

"Dada Koku, zima jiko! Mtu wetu ameshuka melini. Mganga wenu Nathanieli anasema wewe ndiye utakayekwenda naye."

"Kwenda naye wapi?"

"Kimwani. Kwenye ndui."

Nilizima jiko. Kisahani cha buni nilikimimina chote katika jani la mgomba, nikalifunga, nikalitia mfukoni. Sijui kwa nini nilifanya hivyo kabla ya kuchukua hata kanga yangu. Labda mkono hukumbuka kile ulichozoea.

Lazima nieleze huyo mtu wetu alikuwa nani. Mwaka uliotangulia, Baraza la Wakama, watawala wa jadi wa Bukoba, na wakuu wa Saza ya Buddu, wilaya ya Uganda ng'ambo ya mpaka, walikutana wakakubaliana jambo moja. Ugonjwa ukitokea upande mmoja, upande wa pili uarifiwe kwa telegramu siku hiyo hiyo. Na mwenye dawa amgawie asiye nayo, bila kungoja barua zipande hadi Dar es Salaam na Entebbe na kushuka tena. Mjini watu walicheka. Hamidi alisema wakuu wamekunywa chai, wameandika karatasi, basi. Lakini juma lile tulipata habari kwamba watu kumi na mmoja wana ndui huko Kimwani, na dawa ya chanjo iliyokuwa Bukoba ilikuwa imekwisha. Telegramu ilipelekwa Masaka, mji mkuu wa Buddu, siku ya Ijumaa. Jumanne alfajiri mtu alishuka melini akiwa amekumbatia chupa ya chai kama aliyebeba mtoto mchanga.

Aliitwa Bwana Kasirye, mchanjaji wa Saza ya Buddu. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye miwani, na uso wake ulikuwa na makovu ya ndui toka paji hadi kidevu. Kiswahili alikijua kidogo na hakukipenda. Ndiyo maana nilichaguliwa mimi niliyejua Kiganda, wala si kwa sababu ya ujasiri, maana ujasiri sikuwa nao. Hata chuoni nilipoitwa jina nilijibu kwa kuinua mkono.

Nilipomwona pale gatini nilitaka kumwambia neno. Nilipokuwa na miaka saba ndui iliingia kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kutoka Kashozi. Baba alipeleka habari kila alikoweza, tukaambiwa tungoje, mchanjaji atakuja. Tulingoja mwezi mzima. Dada yangu Alistidia, aliyekuwa akinifunza kusuka mikeka, alikufa siku ya ishirini na tatu. Sasa mbele yangu alisimama mtu aliyevuka ziwa kwa ajili ya watu asiowajua. Neno lilikuwa tayari ulimini. Nikafungua mdomo.

"Sebo," nilimwambia, yaani bwana, "kofia yako imeanguka."

"Webale, nyabo," alinishukuru kwa adabu, akaiokota.

Tuliondoka watatu, Hamidi akiendesha. Njia ilikuwa ya vumbi na jua lilikuwa kali. Nilifungua jani langu tukawa tunatafuna buni. Tulipofika Muleba Bwana Kasirye alitikisa chupa yake akaisikiliza, kisha uso ukambadilika.

"Barafu imekwisha yote," alisema.

Ndani ya chupa ile mlikuwa na vichupa vidogo vya kioo, vyembamba kama mabua, vyenye dawa. Dawa ile haivumilii joto. Bwana Kasirye alishuka, akaomba panga kwenye kibanja cha kwanza alichokiona, shamba la migomba kando ya njia, akakata mgomba uliokwisha kuzaa. Alichukua kipande cha shina lake kilicholowa maji, akachimba shimo katikati, akavipanga vichupa humo ndani na kuziba kwa magome yake. Mwenye kibanja, mama mmoja mnene, alitazama yote hayo mikono kiunoni.

"Mganda huyu anazika nini katika mgomba wangu?"

Nilipomweleza alikimbilia ndani akaleta mtungi wa maji ya baridi, akaumimina wote juu ya kile kipande. Hakutaka hata tumwambie asante. Jina lake sikulipata, na mpaka leo najuta.

"Siku tatu," Bwana Kasirye aliniambia tulipoondoka. "Leo, kesho, na kesho kutwa. Zikipita hizo, nyabo, tutakuwa tunachanja watu kwa maji matupu."

Kimwani tulipokelewa na mkungu, yaani mkuu wa kijiji, Mzee Buberwa, mwembamba, mwenye mgolole mweupe na ulimi mkali. Wagonjwa walikuwa wametengwa katika vibanda ng'ambo ya bonde, lakini nyumba ya mgonjwa wa mwisho ilikuwa ya tatu tu kutoka kwake. Binti yake Kokubanza aliishi hapo hapo kwa baba yake, na alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi minne, Mujuni, aliyekuwa na tabia ya kushika kidole cha kila aliyemsogelea na kukataa kukiachia. Alikishika changu jioni ile. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo.

"Na huyu ndiye muuguzi?" Mzee Buberwa alimwuliza Hamidi, akinitazama. "Anasema au anapuliza? Sauti yake inaishia mdomoni."

"Gari dogo, waitu, lakini linapanda mlima," Hamidi alimjibu, akimwita bwana kwa Kihaya.

Kesho yake asubuhi kijiji kizima kilikuja uani. Walikaa juu ya nyasi, akina mama na watoto upande mmoja, wanaume upande wa pili. Mzee Buberwa alisema yeye ndiye atakuwa wa kwanza, ili watu waone. Aliketi kwenye kigoda uso kwa uso na Bwana Kasirye. Bwana Kasirye alivunja ncha ya kichupa, na kioo kikamkata kidole gumba. Hakujali. Alitia tone la dawa kwenye mkono wa mzee, akakwaruza ngozi kwa sindano. Damu ikatoka kidogo, kama inavyotoka kwa kila mtu.

Mzee hakulia wala hakukunja uso, lakini niliona goti lake likitetemeka chini ya mgolole. Nilimhurumia. Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe. Katika lile jani ilibaki buni moja tu. Nyingine tulikuwa tumezimaliza njiani. Kumpa mmoja na kumnyima mwingine mbele ya watu ni aibu, tena Bwana Kasirye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu usiku. Basi nilipasua ganda. Ndani ya kila buni mna punje mbili, zimelaliana kifua kwa kifua. Moja nilimpa mzee. Ya pili nilimpa Bwana Kasirye, akaipokea kwa kidole chake chenye damu, akaitia mdomoni huku akitafuta pamba.

Mzee Buberwa alibaki ameshika punje yake. Aliitazama, akamtazama Bwana Kasirye anayetafuna, akanitazama mimi. Kisha aliitia mdomoni taratibu, akaimeza bila kuitafuna, akasimama, akaingia ndani.

Nilidhani amechoka.

Mama wa pili kwenye mstari alimwinua mwanawe akasema amesahau chungu motoni. Wa tatu akasema anakwenda kumwita mumewe. Wanaume waliondoka wawili wawili. Jua lilipofika utosini tulikuwa tumechanja mtu mmoja, na uani palibaki kuku.

"Nimewakosea nini?" Bwana Kasirye aliniuliza. Kokubanza alipita na mtoto mgongoni, nikamfuata nikamwambia amlete Mujuni, ni kitambo tu. Alitikisa kichwa, akaelekeza kidole alikoingia baba yake, macho yamejaa machozi.

"Tata amekataza, bojo, nihurumie. Amesema nyumba hii haitatoa damu tena."

Ni Hamidi aliyeleta habari. Alikuwa ameshinda kwenye banda la pombe, ingawa yeye ni Mwislamu na hanywi. Alisema masikio hayana dini. Alirudi alasiri, akaketi kwenye ngazi ya lori, akaanza kucheka, kisha akaacha.

"Dada Koku, unajua ulichofanya? Umefungisha omukago."

Neno nilikuwa nalijua, kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika. Baba yangu ni mwalimu wa Kilutheri. Nyumbani kwetu omukago ulitajwa kama jambo la kale lililokwisha. Hamidi, mtoto wa mjini, ndiye aliyenieleza mila ya babu zangu. Watu wawili wanaotaka undugu wa damu hukaa wakitazamana. Kila mmoja huchanjwa, damu ikatoka. Huletwa buni moja, ikapasuliwa, kila mmoja akala punje yake yenye damu. Tangu hapo ni ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja. Mmoja akiomba kitu, mwenzake hawezi kukataa. Akikataa, balaa huanguka juu ya watoto wake.

"Na yule ni mkungu," Hamidi aliendelea. "Akifungwa yeye, ukoo wote umefungwa. Wanasema hii ndiyo maana ya ile karatasi ya wakuu. Leo Mganda amechukua mkono, kesho ataomba kibanja, na hakuna wa kumkatalia."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilimfikiria Mujuni na kile kidole. Mtoto wa miezi minne hana siku nyingi za kungoja ndui ikiwa nyumba ya tatu. Safari hii mchanjaji alikuwa amekuja, na aliyemfukuzia watu ni mimi.

Nilimweleza Bwana Kasirye yote, nikitazama viatu vyake. Nilitegemea hasira. Alijipiga paji la uso kwa kiganja.

"Hata kwetu uko! Bibi yangu angenichapa. Mimi ndiye niliyepaswa kuona, nyabo. Lakini nilikuwa na njaa."

"Nitamwomba Hamidi awaeleze."

"Hamidi hakupasua ile buni," alisema kwa upole.

Asubuhi ya siku ya tatu Hamidi alizunguka kijiji kizima akipiga honi, akiwaambia watu waje wasikie, hakuna atakayeguswa. Walikuja, lakini walisimama nje ya ua, tayari kuondoka. Mzee Buberwa alikaa mlangoni kwake. Nilipiga magoti mbele yake kama inavyompasa binti, nikaanza kusema kwa Kihaya.

"Pandisha sauti," alisema. "Kuku wangu hawasikii."

Watu walicheka. Nilianza tena.

"Waitu, kosa ni langu. Ile buni ilikuwa yangu. Hakunituma Mganda, hawakunituma Wakama, wala haimo katika karatasi yoyote. Nilikuona ukitetemeka…"

"Mimi?"

"Goti lako, waitu. Nilitaka kukupa akamwani kama anavyopewa mtu aliyefanya jambo gumu. Ilibaki moja, nikaigawa, nisimwaibishe mgeni. Sikujua mila. Nimesoma miaka mitatu chuoni, na jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua mimi silijui. Mnilaumu mimi. Lakini msiwanyime watoto dawa kwa sababu ya ujinga wangu. Leo ndiyo siku yake ya mwisho."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja, kabla ya siku ile wala baada yake.

"Umesema vizuri," Mzee Buberwa alisema. "Lakini buni nimekwisha kuimeza, na yeye alikuwa na damu kidoleni. Jambo kama hilo mtu hawezi kulitapika."

Nilimtafsiria Bwana Kasirye. Alivua kofia, akaja akachuchumaa kando yangu.

"Mwambie hata mimi sijaitapika," alisema. "Kama ni ndugu yangu, nimefurahi kumpata. Na ndugu akiomba, hakataliwi. Ndivyo ilivyo hata kwetu. Basi mimi naomba, mara moja tu, na sitaomba tena mpaka nife. Siombi kibanja wala ng'ombe. Naomba mkono wa mjukuu wake."

Nilipotafsiri sauti yangu ilivunjika mwishoni, lakini nadhani wote walisikia, kwa kuwa mama mmoja nje ya ua alisema, "Yesu, bojo!"

Mzee Buberwa alimkazia macho Bwana Kasirye, akayafuata makovu ya uso wake moja moja kama anayesoma.

"Hayo uliyapata lini?"

"Nikiwa na miaka mitano. Mimi nilipona. Mama yangu hakupona."

Mzee aliinuka. Aliingia ndani, na alipotoka alikuwa amembeba Mujuni mwenyewe, mtoto ameshika kidole cha babu yake.

"Na mimi naomba changu," alimwambia Bwana Kasirye. "Siku dawa ikituishia tena, usingoje karatasi. Uje."

"Nitakuja."

"Haya. Kata kidogo. Ukikata sana nitakuomba ng'ombe."

Mujuni alilia kwa hasira kubwa kwa muda mfupi, kisha akashika miwani ya Bwana Kasirye. Baada yake alikuja Kokubanza. Baada yake wakaingia wote, wakisukumana, na Hamidi alipanga mstari akiwatania akina mama. Mimi nilisafisha mikono yao mpaka vidole vyangu vikakunjamana kwa maji. Jua lilipozama, ndani ya kile kipande cha mgomba hamkuwa na kichupa hata kimoja.

Tulikaa siku nane, kuangalia kama chanjo imeshika. Karibu kila mkono ulikuwa na kipele kizuri kilichojaa, na cha Mujuni kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Wagonjwa watatu ng'ambo ya bonde walikufa, na sitaki kuwaacha nje ya habari hii, tuliwazika vema. Lakini siku zile nane hakuugua mtu mwingine. Kila asubuhi tulikuta kitu mlangoni: ndizi, maharage, mara moja samaki wakavu wa kisiwa cha Bumbire waliofungwa kwa kamba ya mgomba. Hakuna aliyesema ni nani kaleta. Hamidi alikula samaki wengi kuliko sisi wote, akasema sasa anaiamini karatasi ya wakuu.

Katika siku hizo zote nililibeba neno langu. Nilikuwa nimesema mbele ya kijiji kizima, lakini hili la kumwambia mtu mmoja lilinishinda. Nilipompelekea chai nilimwambia chai ni ya moto. Tuliporudi Bukoba, njia nzima nilimwonyesha vilima na majina yake.

Meli ilikuwa gatini. Mzee Buberwa alikuwa amekuja nasi, amekaa nyuma ya lori juu ya mkungu wa ndizi, asikubali mtu mwingine aushike. Alimkabidhi ndugu yake ule mkungu, pamoja na kifurushi cha buni.

"Hizi utafune tu," alimwambia. "Usimpe huyu binti azipasue."

Bwana Kasirye alicheka nilipomtafsiria. Aliagana na Hamidi, akaagana na mzee kwa mikono miwili, kisha akanigeukia kuniaga.

"Weraba, nyabo."

Alianza kupanda ngazi. Alikuwa na ile chupa ya chai kwapani, tupu sasa, na mkungu begani. Mabaharia walikuwa wamekwisha shika kamba.

"Sebo!" niliita.

Aligeuka. Watu wote gatini waligeuka pia. Mzee Buberwa alinigusa kiwiko, akasema polepole, "Pandisha sauti."

"Nilikuwa na dada," nilisema kwa nguvu. "Aliitwa Alistidia. Alipougua ndui tulingoja mwezi mzima, na hakuja mtu. Wewe umekuja. Asante kwa kuja."